Uniti, Kinu na Shamba: Uhakiki wa Istilahi za Umeme wa Upepo

Maandishi ya Kiswahili yahusuyo umeme wa upepo yameongezeka sana katika miaka ya karibuni. Twayaona katika ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, katika vitabu vya sayansi, katika magazeti, na hata katika mikataba ya ardhi inayosomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Wingi huo ni jambo la kufurahia, lakini si ushahidi wa uthabiti wa istilahi. Ayasomaye maandishi hayo mfululizo hugundua upesi kwamba kitu kimoja hutajwa kwa majina manne, na jina moja hubebeshwa mambo manne.

Makala haya hayakusudii kutoa orodha kamili ya istilahi za fani hii. Yanakusudia kuzihakiki chache tu, zile ambazo kasoro yake haiishii katika ukurasa bali humfikia mtu anayepaswa kuamua jambo kwa kuzitegemea: mwanakijiji anayeombwa ardhi, diwani anayepiga kura, mwanafunzi anayejibu mtihani. Kwa Tanzania jambo hili lina uzito zaidi tangu 2021, Bunge lilipoirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Neno lililokuwa la gazeti jana laweza kuwa la hukumu kesho.

Tuanze na jina la ukoo mzima. Upepo, jua, maji yaendayo kasi na joto la ardhini huitwa na waandishi wetu nishati mbadala, nishati jadidifu, nishati endelevu, nishati rejelevu na nishati safi, mara nyingi yote katika ripoti moja, kana kwamba mfasiri aliogopa kuchosha masikio ya msomaji. Katika insha za shule kubadilisha maneno ni sifa. Katika istilahi ni kasoro.

Neno mbadala lina historia yake. Bei ya mafuta ilipopanda ghafula mwaka 1973, na tena mwaka 1979, nchi nyingi zilitafuta kitu cha kushika nafasi ya mafuta, na chochote kilichopatikana kiliitwa mbadala. Jina hilo halisemi lolote juu ya tabia ya kitu chenyewe. Lasema tu kwamba kimechukua nafasi ya kingine. Leo, katika kampeni za kupunguza matumizi ya kuni na mkaa, gesi ya mitungi huitwa nishati mbadala, na kwa maana hiyo ni sawa kabisa. Huitwa pia nishati safi, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umeihesabu hivyo. Lakini gesi ile huchimbwa, na kinachochimbwa huisha. Mwalimu anayefundisha kwamba nishati mbadala ni ile isiyokwisha, kisha akataja gesi ya mitungi kuwa mfano wa nishati mbadala, amemfundisha mtoto uongo kwa kutumia maneno mawili ya kweli.

Rejelevu nayo haifai, ingawa ina sauti nzuri. Kurejeleza ni kukitumia tena kitu kilichokwisha kutumika, kama chupa au karatasi. Upepo uliokwisha kupita katika mtambo haurudishwi kutumiwa tena. Unaokuja ni mwingine, uliozaliwa kwa sababu jua limepasha joto nchi kavu na bahari bila usawa. Kaskazi ya mwaka huu si ile ya mwaka jana iliyorejea. Ni kaskazi mpya. Ndiyo maana jadidifu, neno lililojengwa juu ya jadidi, yaani upya, ndilo lililokaribia ukweli kuliko mengine. Kiambishi -fu chatupa hali ya kudumu, kama katika danganyifu na sahaulifu. Wako wanaolalamika kwamba neno hili ni zito kwa msomaji wa kawaida. Nishati lilikuwa zito pia, na leo lina wizara.

Kasoro kubwa zaidi haimo katika majina ya heshima kama hayo, bali katika maneno matatu madogo: nguvu, uwezo na nishati. Katika mazungumzo ya kila siku nguvu yatosha kwa yote matatu. Nguvu za ng'ombe, nguvu za umeme, nguvu za upepo. Fizikia hairuhusu ukarimu huo. Kile kinachosukuma au kuvuta walimu wetu wamekwisha kukiita kani. Nishati ni jumla ya kazi inayoweza kufanywa. Uwezo ni kasi ya kuifanya kazi hiyo: ni kiasi gani cha nishati hutolewa katika kila sekunde. Uwezo hupimwa kwa wati, na elfu moja yake ni kilowati, na milioni moja ni megawati. Nishati ya umeme hupimwa kwa kilowati-saa.

Wafasiri wengi hapa huteleza. Sentensi kama "mtambo huu hutoa megawati mbili kwa saa" imeenea hata katika maandishi ya wataalamu, nayo haina maana. Ni sawa na kusema kwamba gari hukimbia kilomita themanini kwa saa kwa saa. Megawati tayari ni kasi. Haihitaji kuongezewa saa. Wengine huandika "megawati 310 kwa mwaka", na hapo msomaji hana njia ya kujua kama anaambiwa habari ya ukubwa wa mitambo au ya umeme alioupata mtu.

Kinachoshangaza ni kwamba wananchi wenyewe hawana tatizo hilo, kwa kuwa wana neno. Kila anunuaye umeme wa LUKU hununua uniti, na uniti moja ni kilowati-saa moja. Mama lishe anajua uniti tano zitamfikisha siku gani. Neno hilo limekopwa, ndiyo, lakini limekwisha kupimwa kwa fedha, na hakuna kipimo cha istilahi kilicho kikali kuliko hicho. Mfasiri anayelikwepa kwa kuliona la mitaani anakwepa daraja lililokwisha kujengwa.

Tuchukue mfano wa Mwenga, huko Mufindi mkoani Iringa, penye mitambo mitatu ya upepo yenye uwezo wa jumla wa megawati 2.4, iliyojengwa ili kusaidia kituo cha umeme wa maji cha megawati 4 ambacho hupungukiwa na maji wakati wa kiangazi. Habari hii ikielezwa kwa megawati peke yake, haimwambii mkazi wa huko kitu. Lakini yaweza kuelezwa hivi: upepo ukivuma kwa kiasi kinachotakiwa kwa saa moja, mitambo hii mitatu hufua uniti 2,400, ukivuma hafifu, hufua pungufu ya hizo, ukitulia, haifui kitu. Mwaka una saa 8,760, na kama mitambo ingefanya kazi kwa uwezo wake wote bila kupumzika, ingefua uniti milioni 21 na kidogo. Hakuna mtambo wa upepo duniani unaofanya hivyo. Uwiano baina ya kile kinachofuliwa kweli na kile ambacho kingefuliwa ndio unaotofautisha mradi mzuri na mbaya, nao hauna jina thabiti katika Kiswahili. Wengine huuita "kipengele cha uwezo", tafsiri ya neno kwa neno isiyomsaidia mtu. Napendekeza kiwango cha utendaji, kwa kuwa ndicho kinachopimwa.

Hesabu ya kasi nayo yastahili uangalifu. Uwezo unaopatikana katika upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake: kasi ikizidi mara mbili, uwezo huzidi mara nane. Vipimo vilivyochukuliwa katika kimo cha mita 30 vilionyesha wastani wa mita 9.9 kwa sekunde huko Kititimo, Singida, na mita 8.9 huko Makambako. Tofauti ni mita moja, na mfasiri aliyezoea kukadiria angeandika kwamba mahali hapo pawili "pana upepo wa karibu sawa". Lakini kama pepo hizo zingevuma kwa kasi hizo bila kubadilika, upepo wa Kititimo ungekuwa na uwezo unaozidi ule wa Makambako kwa zaidi ya theluthi moja. "Karibu sawa" ni maneno ya adabu katika mazungumzo. Katika ripoti ya upepo ni hasara.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Kinaitwa kinu cha upepo, feni ya upepo, pangaboi, jenereta ya upepo, turbini na mtambo wa upepo.

Feni na pangaboi lazima ziondolewe, si kwa sababu ni maneno duni, bali kwa sababu zageuza mambo. Feni hula umeme ikatoa upepo. Chombo hiki hupokea upepo kikatoa umeme. Mtu aliyeambiwa kwamba juu ya kilima chao kutajengwa mafeni makubwa ana haki ya kuuliza kwa nini upepo unaongezwa mahali ambapo paa za nyumba zake zimekwisha kung'olewa mara mbili, na swali lake si la ujinga. Ni swali sahihi lililozaliwa na neno la makosa. Jenereta nayo imekwisha kumilikiwa na ile mashine ya dizeli inayonguruma nyuma ya duka. Ukisema jenereta ya upepo, msikilizaji atauliza mafuta yatiwa wapi. Mwalimu atafika upesi zaidi akianza na dainamo ya baiskeli, kwani kila aliyepata kuendesha baiskeli usiku anajua kwamba taa haikuwaka mpaka gurudumu lizunguke, na kwamba dainamo ikishika tairi miguu huhisi uzito. Katika uzito huo mdogo wa miguu mna somo zima la nishati.

Kinu ni neno ninaloliheshimu. Limetoka jikoni, likaenda kwenye vinu vya kukamulia mafuta vilivyozungushwa na ngamia katika miji ya pwani, na siku hizi limefika hata kwenye kinu cha nyuklia bila mtu kulalamika. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaotaka kulifuta kwa madai kwamba ni la kizamani. Shauri langu ni kuliwekea mpaka. Kinu cha upepo kiwe kile kinachofanya kazi kwa mzunguko wenyewe, yaani kusaga nafaka au kupandisha maji. Vyombo hivyo vipo, na Afrika Mashariki inavijua. Pampu za Kijito zilizotengenezwa Thika, Kenya, zilipandisha maji ya visima kwa upepo bila waya hata mmoja wa umeme. Kile kinachofua umeme kiitwe mtambo wa upepo, kwa kuwa ndivyo waandishi wa habari na mafundi wanavyosema tayari juu ya mitambo tisa ya bwawa la Julius Nyerere. Turbini ibaki kuwa jina la sehemu inayozungushwa, iwe kwa maji, mvuke, gesi au upepo, mahali fundi anapohitaji kuitenga na sehemu nyingine za mtambo.

Nimetumia kitenzi kufua, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Kuzalisha umeme kumeenea, na sina ugomvi mkubwa nako, ila kunadokeza kwamba kitu kilichokuwa hakipo kimezaliwa. Mhunzi hazai chuma; hukifua. Hukipokea katika umbo moja na kukitoa katika umbo jingine, na chuma ni kile kile. Ndivyo ilivyo nishati: mwendo wa hewa umegeuzwa kuwa umeme, na upepo unaotoka nyuma ya mtambo ni mpole kuliko ulioingia. Aliyelitoa neno hili kwenye fuawe akalipeleka katika kituo cha umeme, awe nani, alikuwa na akili ya fizikia.

Mahali ambapo tumekuwa maskini bila sababu ni katika sehemu za mtambo na mienendo yake. Hapa wafasiri wameinama juu ya kamusi za Kiingereza, ilhali Kiswahili ni lugha ya watu waliouishi upepo kwa karne nyingi. Baharia hakuuita upepo kwa jina moja; alijua kaskazi na kusi, matlai na umande, na tanga mbili baina ya misimu. Alijua pia upande unaopigwa na upepo, akauita joshi, na upande wa pili akauita demani. Mitambo mingi ya leo huyaweka mabawa mbele ya mnara, kuuelekea upepo, na michache huyaweka nyuma. Nimeona tofauti hii ikielezwa kwa sentensi ya mistari mitatu. Kwa nini tusiseme mabawa ya joshini na mabawa ya demanini? Neno lipo, maana ni ile ile, na halihitaji kamati. Hali kadhalika, upepo unapozidi kiasi mtambo huyapinda mabawa yake ili yapokee upepo mchache, na dhoruba ikija huyalaza kabisa. Nahodha angesema kupunguza tanga na kutua tanga. Kupunguza bawa na kutua bawa yatatosha.

Nimesema bawa, na si panga wala tanga, kwa sababu inayohitaji kuelezwa. Jahazi lendalo na upepo nyuma yake husukumwa tu, na chombo kinachosukumwa hakiwezi kuushinda upepo kwa mwendo. Lakini jahazi linalobisha, lililokaza tanga na kuukata upepo kwa ubavu, haliendi kwa kusukumwa. Tanga limejipinda kama bawa la ndege, na hewa inayopita pande zake mbili hulivuta. Bawa la mtambo hufanya kazi kwa njia hiyo ya pili, na ndiyo maana ncha yake hukimbia mara kadhaa kuliko upepo unaoizungusha. Mitambo ya Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, ina duara la kipenyo cha mita 52; ukiitazama kwa mbali waona mabawa yazunguka taratibu, lakini ncha zake huenda kasi kuliko basi lolote la barabarani. Panga hukata. Bawa huinua. Tofauti ni ya kweli, si ya mapambo.

Loiyangalani yatupeleka kwenye neno lililo zito kuliko yote, nalo ni shamba. Waingereza huliita eneo lenye mitambo mingi shamba la upepo, nasi tumewafuata bila kusita, tukaongeza na kuvuna upepo ili sitiari itimie. Kwao ni sitiari nyepesi. Kwetu shamba ni mahali penye mwenyewe, penye mpaka na urithi. Ukisema shamba la fulani, umekwisha kusema ni la nani. Mradi wa Ziwa Turkana, uliounganishwa na gridi ya Kenya mwaka 2018, una mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310. Ardhi iliyokodishwa ilikuwa ekari 150,000. Eneo lenye mitambo ni kama ekari 40,000. Misingi ya minara, barabara na majengo huchukua sehemu ndogo tu ya hizo. Ni eneo lipi kati ya haya matatu ambalo ni shamba? Ripoti ikisema "shamba la upepo halizuii mifugo kulisha", imesema kweli juu ya eneo la pili, lakini haikusema lolote juu ya hati ya eneo la kwanza. Mgogoro ulikuwa juu ya hati hizo, na Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi huko Meru iliamua kwamba hazikupatikana kwa kufuata sheria.

Sidai kwamba neno moja lilileta mgogoro wa Marsabit, wala ule wa Kinangop, ambako mradi wa megawati 60.8 uliachwa mwaka 2016 baada ya ubishi na wakazi juu ya ardhi, fidia na afya. Watu hawa waligombea mambo, si maneno. Lakini ninadai kwamba mfasiri aliyeandika shamba mahali pote pale alimnyima msomaji uwezo wa kuuliza swali sahihi. Yafaa tuwe na maneno matatu: ardhi ya hati, yaani ile yote iliyomo katika mkataba, uwanda wa mitambo, yaani eneo ambalo minara imetawanyika, na eneo lililojengwa. Kituo kizima kiitwe kituo cha umeme wa upepo, kama tunavyosema kituo cha umeme wa maji. Hakuna aliyewahi kuiita Kidatu shamba la maji.

Dogo lingine nitalipita upesi. Si kweli kwamba upepo "hautabiriki", kama inavyoandikwa. Hubadilikabadilika, na hilo ni jambo jingine. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na wenye mali walikopeshana kwa kuutegemea mwendo huo. Mkondo wa upepo wa Turkana, unaobanwa baina ya milima ya Uhabeshi na nyanda za juu za Afrika Mashariki, una desturi zake pia. Mwandishi aseme umeme wa kubadilikabadilika, asimtukane nahodha.

Limebaki neno moja ambalo sijalipatia jina la kuridhisha, nami naliweka mbele ya wasomaji. Mitambo ya Loiyangalani ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwa imekamilika, na mkataba uliitaka serikali ya Kenya ilipe fidia. Kilicholipiwa ni umeme ambao haukufuliwa, ila ungefuliwa kama njia ingalikuwapo; kisheria huhesabiwa kana kwamba umefuliwa. "Umeme wa kufikirika" ni dhihaka. "Umeme unaodhaniwa" waleta shaka pasipo na shaka, maana fedha zake hulipwa taslimu. Umeme wa kuhesabiwa ndio nilioufikia hadi sasa, lakini nakiri kwamba mtu asiyeujua mkataba ataudhania kuwa ni ule uliopita katika mita. Walio na neno bora, hasa wale waliopata kuifasiri mikataba ya aina hiyo, wanaombwa walipeleke kwa mhariri pamoja na sentensi moja inayolitumia.